Mkalimani wa Hatua Moja Nyuma

Ukitaka kumpata Mkalimani penye watu wengi, ulikuwa humtafuti mbele. Ulimtafuta hatua moja nyuma ya bega la mtu mwingine. Harusini, kanisani, sokoni mbele ya mafungu ya ndagala, dagaa wetu, hakuweza kusimama sambamba na mtu. Ulianza kumsalimu uso kwa uso, na kabla hujafika kwenye habari za nyumbani alikuwa ameshateleza upande, yuko nyuma ya sikio lako, na wewe unageuka kumtafuta. Wazungu wa teritwari, serikali ya wilaya, walimweka pale miaka mingi, nyuma ya kiti cha mkubwa wao, na mwili ukazoea. Mji wetu wote wa Uvira ulimcheka kwa hilo. Mimi nilimcheka kuliko wote, maana kinywa changu hakijawahi kuwa na kufuli.

Jina lake tulilijua, lakini hakuna aliyelitumia. Alikuwa Mkalimani tu, hata baada ya kazi yenyewe kwisha.

Nikwambie mapema kwa nini namkumbuka hivi, nisije nikakuzungusha. Mtu huyu alitufundisha kusema na watu. Unaweza kuona ni jambo dogo. Wapi! Sisi tulikuwa watu wa kazi: manesi, makarani wa dwane, yaani forodha, mtu wa posta, walimu, sajini wa polisi. Tulijua kuandika, tulijua kupima na kupiga mihuri. Kusema na mtu aliyesimama mbele yetu hatukujua, na mbaya zaidi, tulidhani tunajua.

Uhuru ulipofika, wazungu wa biro, ofisi za serikali, waliondoka mbiombio, wengi wakivuka mpaka kwenda Usumbura na masanduku yamefungwa kwa kamba. Waliobaki kwenye viti ni wenzetu waliokuwa jana makomi, makarani wadogo wao. Mimi mwenyewe nilikuwa nafunga vidonda kwenye dispansere, zahanati yetu ya mtaa wa Nyamianda. Nikaamka siku moja naambiwa mimi ndiye mkubwa wa dispansere. Furaha niliyokuwa nayo, nusura nicheze barabarani. Lakini tazama tulichofanya na viti vile. Tulikaa kama waliotutangulia walivyokaa. Na kwa kuwa waliotutangulia walisema Kifaransa na mkalimani akageuza Kiswahili, sisi pia tulisema Kifaransa na mkalimani akageuza Kiswahili. Kwa watu wetu. Kwa shangazi zetu.

Shefu mpya wa dwane alikuwa mtoto wa wavuvi wa hapa hapa ufukweni, amenyonyeshwa kwa Kivira. Siku moja mjomba wake alikuja kuomba karatasi ya mtumbwi. Shefu akamtazama mjomba wake, akakohoa, akasema Kifaransa kirefu. Mkalimani, nyuma ya bega, akakigeuza chote bila kupepesa. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi, kisha akamgeukia Mkalimani.

"Mwambie Muzungu wako huyu," akasema, "mama yake anamwita kula. Bugali inapoa."

Mkalimani akayageuza kwa Kifaransa, neno kwa neno, kwa sauti ile ile ya kazi. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria yake, na utaisikia tena: usiongeze, usipunguze. Mjomba alipotoka, akafunga mlango.

"Shefu," akasema, "minye, mimi hapa, nasimama katikati yenu kufanya nini? Ule ni mujomba wako. Kama unaendelea hivi, minye niko nakula mushahara wa bure."

Kwa maneno hayo alikuwa anakata tawi alilokalia, na alijua. Biro zikianza kusema zenyewe na watu, mkalimani wa nini? Lakini wiki haijaisha alikuja kwangu kuomba baraza ya dispansere, Jumamosi mchana, wagonjwa wakishaondoka. Nikamuuliza ya nini. Akasema anataka kuwafundisha wakubwa wapya kusema. Nilicheka hadi nikashika ukuta. Kisha nikampa baraza, na nikajiandikisha wa kwanza, kwa umbea tu.

Jamani, darasa lile. Sijawahi kufurahia masomo hivyo, na nimesoma kwa masista. Hakutufundisha kupanga maneno mazuri. Alianza kwa kutuhamisha mabenchi. Kila mtu mwenye gishe, dirisha la kuhudumia watu, akakaa upande wa pili wa gishe yake. Karani wa dwane akawa mwenye mtumbwi, sajini akawa mama aliyeibiwa mbuzi, mimi nikawa mgonjwa, na wenzetu wakatuhudumia kama tulivyozoea kuhudumia watu. Karani aliambiwa "rudi kesho" bila kutazamwa usoni. Akarudi, maana tulijifanya kesho imefika, akaambiwa tena "rudi kesho". Akasahau kabisa kwamba ni mchezo. Alipiga ngumi meza yangu ya dawa, chupa zikaruka.

"Vizuri," Mkalimani akamwambia kutoka nyuma ya bega lake. "Hasira hiyo uliipata wapi?"

"Hapa hapa, sasa hivi!"

"Umeitengeneza miezi mingi, karani. Leo ndiyo umeionja."

Karani yule alibadilika tangu siku hiyo. Nakuambia nilichokiona kwa macho yangu: watu wakaacha kutoka dwane wakitukana ukoo wake.

Somo lake kubwa aliliita kurudisha. Mtu akikwambia jambo, usimjibu kwanza. Mrudishie alilokwambia, kwa maneno yako, mpaka aseme mwenyewe "ni hivyo". Ukikosea atakusahihisha, rudisha tena. Akishasema "ni hivyo", ndipo ujibu. Tulilichukia. Mtu wa posta alisema litamchelewesha, foleni yake itafika ziwani. Mkalimani akamwambia ajaribu wiki moja. Aliporudi alikuwa na aibu kidogo: foleni ilikuwa imepungua, maana watu hawakuwa wanarudi mara ya pili na ya tatu kuuliza jambo lile lile.

Na alikuwa na chuki na neno "umesikia?" Alisema ni swali la kujiridhisha mwenyewe. Nani atakujibu hapana, umevaa nguo nyeupe na kalamu kifuani? "Muulize akifika nyumbani atafanya nini," alisema. Mimi kichwa kigumu, nikaona ananifundisha kazi yangu. Nikajaribu ili nimwonyeshe amekosea. Alikuja mama na homa, nikampa vidonge, nikamwambia ameze kimoja kila akila. Umesikia, mama? Ndiyo, munganga. Nikamwacha afike mlangoni, nikamwita. Ukifika nyumbani utafanya nini, mama?

"Nitameza kimoja, munganga."

"Na baada ya hapo?"

"Nitameza kingine kesho."

"Kwa nini kesho?"

Akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye mgonjwa. "Munganga, siku hizi tunakula mara moja."

Barabara ya kwenda Sange, bondeni, ilikuwa imeshaanza kuwa na askari, muhogo na mchele haviji tena kama zamani, na mimi nilikuwa nampima kila mtu kwa sahani yangu. Ni wangapi waliokwenda na dawa yangu namna hiyo, sijui. Jumamosi nilimsimulia Mkalimani, na nilisimulia nikiruka, maana nilijiona nimepewa macho mapya. Aliitikia kwa kichwa tu, akaniambia nimhadithie na karani wa dwane, amechelewa kufika.

Sasa usidhani alikuwa mtu wa maneno. Hapo ndipo alipotuchosha. Aliyetufundisha sote kusema, mwenyewe hakuweza kusema jambo lake hata moja. Sokoni alilipa bei ya kwanza aliyotajiwa. Wauza ndagala walimgombania. Akidaiwa kosa lisilo lake, alinyamaza. Mke wake alikuwa akipita dispansere kupimwa presha, na kila mara aliniambia lile lile: "Bwana yangu iko na maneno ya batu bote, ila yake tu ndiyo hana." Aliweza kuwa mzungu, akawa mvuvi, akawa mjane, akawa chifu, na kila mmoja ukamsikia hasa. Ukimuuliza, kwa heshima ya baba, "Wewe Papa, unaonaje?" alisogea nyuma ya bega lako.

Nilimuuliza siku moja kuhusu miaka ile ya wazungu. Nilitaka kujua alijisikiaje akitoa kinywani hukumu za watu. Nilimuuliza vibaya, kwa mzaha. Akafuta meza iliyokuwa safi tayari. "Nilisema yote waliyosema," akanijibu. "Sikuongeza, sikupunguza." Nikaona hapo pana mlango, na nikaona umefungwa.

Basi waasi wakaja. Waliingia kutoka bondeni, mji ukawa wao, na serikali yetu changa ikakimbia kama wazungu walivyokimbia, tena bila masanduku. Mimi nilibaki, dispansere ilikuwa imejaa. Wakaanza kuwatafuta waliomtumikia mzungu. Hapakuwa na haja ya kutafuta sana. Mkalimani walimkuta nyumbani kwake, amevaa koti lake la kazi.

Walimpeleka kiwanja cha mpira, asubuhi, na mji wote ukaitwa. Komanda wao alikaa kwenye kiti cha kanisa. Alikuwa kijana wa mbali; alijua Kiswahili na Kifaransa, Kifuliiru, lugha ya bondeni, hapana. Akauliza nani ana shitaka. Akatoka mama mzee wa bondeni, wa upande wa Sange, akaanza kusema kwa lugha yake, taratibu, macho makavu. Komanda akainua mkono.

"Nani anatafsiri?"

Tulikuwa mamia pale tunaojua lugha zote mbili, na sote tukatazama vidole vya miguu yetu. Ukisimama kutafsiri, umeingia katika jambo lenyewe, na waliosimama siku zile hawakujua watakaa lini. Ndipo nikasikia sauti ile ya kazi.

"Naweza minye, Komanda."

Ilikuwa sauti yake. Askari wakacheka, Komanda naye akacheka. "Unajitafsiria shitaka lako?"

"Ndiyo kazi yangu."

Wakamruhusu, nadhani kwa kutaka kuona kioja. Na yeye, mikono imefungwa kwa kamba, akasogea. Akaenda kusimama hatua moja nyuma ya bega la yule mama.

Mkalimani wa kweli husema kana kwamba yeye ndiye msemaji, na ndivyo alivyofanya. "Mimi ni mjane wa mtu aliyekataa kulima pamba ya wazungu," akasema kwa Kiswahili safi, akimfuata mama kipande kwa kipande. "Walitaka ang'oe muhogo wetu apande pamba. Akakataa. Wakampeleka biro, nami nikafuata nyuma. Mtu huyu alisema mume wangu afungwe. Alisema apigwe kwanza, halafu afungwe mbali. Nilisikia kwa masikio yangu, kutoka kinywa hiki." Mama alinyoosha kidole, na Mkalimani, kwa kuwa mikono yake ilifungwa, akainua kidevu kuonyesha kinywa chake mwenyewe. "Mume wangu alikufa huko. Mzungu simjui, alisema mambo yake ambayo sikuyajua. Mimi namjua huyu."

Hakupunguza. Nilikuwa nakisikia Kifuliiru cha mama sikio moja na Kiswahili chake sikio la pili, na vilikwenda sawa kama makasia mawili. Palipokuwa na neno kali alitoa kali. Nilitaka kulia na nilitaka kumzaba kofi. Mama akasema neno lake la mwisho, akanyamaza. Mkalimani naye akanyamaza.

Komanda akatuangalia. "Mukiwa na muntu anasikia luga ya huyu mama, aseme. Ametafsiri yote?"

Watu karibu yangu wakaanza kunong'ona: ndiyo, yote, mtu mwaminifu. Walidhani wanamsaidia. Na mimi nilikuwa nimesikia neno la mwisho la mama, nikasikia pia kwamba halikutoka upande wa pili. Nikijibu ndiyo, shitaka litabaki lilivyo na watampeleka ziwani, walikokuwa wakiwaulia watu. Nikijibu hapana, wanaweza kudhani amedanganya, na watampeleka ziwani vile vile, pengine na mimi. Miguu ilisimama kabla sijaiamuru. Kitu pekee kilichokuja kichwani ni Jumamosi zetu. Rudisha kwanza.

"Komanda," nikasema, "umeuliza kama ametafsiri yote aliyosema mama. Ni hivyo?"

Akashangaa kidogo. "Ni hivyo."

"Basi hapana. Hakutafsiri yote."

Umati ukaguna. Askari mmoja akamkamata Mkalimani kola. Mimi nilikuwa nimeshapata pumzi, na mtu akishasema "ni hivyo" anakuwa anakusubiri. Kumbe hiyo ndiyo iliyokuwa siri ya somo lile.

"Ameacha neno moja, la mwisho," nikasema. "Mama amesema hivi: lakini huyu ndiye aliyekuja kwa miguu mpaka kwangu Sange, bila kutumwa na mtu, kunieleza mume wangu amepelekwa wapi. Nikaenda, nikamkuta angali hai. Tukaagana."

Nikamgeukia mama, nikamrudishia yote kwa Kifuliiru. Akaitika. Ni hivyo, alisema, na akauliza kwa nini yule mtu amelimeza neno lake.

Komanda akamuuliza mama anataka Mkalimani afanywe nini. Nikatafsiri. Mama akafikiri. Akasema hataki damu, katika umri wake ameiona ya kutosha. Anataka kitu kimoja: siku ile alisikia maneno ya mzungu kutoka kinywa kile, leo amesikia maneno yake mwenyewe kutoka kinywa kile kile, anataka asikie ya mwenye kinywa.

Nilimwonea huruma kuliko wakati wote. Mtu yule angeweza kutafsiri radi. Akaanza kuteleza upande, kutafuta bega la kusimama nyuma yake, na askari akamrudisha mbele. Mama akamsubiri. Mwisho akasema kwa Kifuliiru, kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia, nyembamba, isiyo ya kazi: "Mama, niliyasema. Nisamehe." Akasahau kulitafsiri. Nikalitafsiri mimi. Mama akaitikia kwa kichwa, akakaa chini kwenye nyasi, amechoka. Komanda akapunga mkono kama anafukuza inzi, wakamfungua kamba.

Tulirudi Nyamianda pamoja, yeye nyuma yangu kama kawaida, na mimi nikimgombeza njia nzima bila kugeuka. Papa, ungekufa. Usipunguze, usipunguze, halafu unapunguza neno la kukuokoa. Ulitaka nini? Akanijibu kwamba neno lile lilikuwa linamfaa yeye, na mkalimani anayejitafsiria sifa haaminiwi tena. Nikamwambia huo ni upuuzi uliovaa koti. Tukafika mlangoni pangu ndipo akanisifu.

"Umesema vizuri leo," akasema. "Ila ulikwenda haraka mno mwishoni."

Baadaye alihamia Sange kulima mchele, karibu na yule mama, nasikia walikuwa wakipelekeana muhogo. Miaka ilipita bila kuonana. Askari walikuja na kuondoka, dispansere ikapata daktari kijana kutoka mji mkuu, mwenye Kifaransa na Kilingala. Mimi nilichukua Jumamosi za Mkalimani. Kila nesi mpya, kila karani mpya wa mji huu, amehamishwa benchi barazani pangu.

Ilikuwa Jumamosi moja nilipomwona mwishoni mwa foleni ya wagonjwa. Amekonda, macho ya njano, koti limekuwa kubwa. Akakataa kupitishwa mbele. Zamu yake ilipofika, daktari akamuuliza kwa Kifaransa anaumwa nini, na mzee yule, aliyegeuza Kifaransa cha mahakama kabla daktari hajazaliwa, akajibu kwa Kifuliiru kitupu. Daktari akaniita nitafsiri. Nilimtazama Papa, naye akanitazama, jicho lake moja linacheka. Nikasimama hatua moja nyuma.

Daktari alimpima kwa muda mrefu. Kisha akasema, kwa upole, na mimi nikajua kwamba Papa ameshalisikia kila neno kabla sijafungua mdomo. Angeweza kunipunguzia kazi. Hakunipunguzia. Nikatafsiri: ini limeharibika. Dawa ya kuliponya haipo hapa, haipo Bukavu, haipo popote anapopajua daktari. Maumivu yatakuja, ya maumivu dawa iko. Nilitaka kulainisha na sikulainisha.

Mzee akarudisha. Ini, dawa, maumivu, yote kwa utulivu, kama anarudisha bei ya mchele. "Ni hivyo?" akaniuliza.

"Ni hivyo, Papa."

"Hapana. Umeacha neno moja."

"Lipi?"

Akamgeukia daktari, na akasema kwa Kifaransa kilichonyooka, kile cha koti na cha miaka ile: "Umesema pia, Dokta, kwamba bado nina wakati. Si leo wala kesho. Ni hivyo?"

Kalamu ilimwanguka yule kijana. "Ni hivyo, Papa," akajibu. "Nimesema."

Kweli alisema. Nilikuwa nimelimeza neno lile bila kujua, kama yeye alivyolimeza lake kiwanjani, na nikasimama pale nikilia na kucheka kwa pamoja mbele ya mgonjwa, jambo ninalowakataza manesi wangu.

"Sasa unalia nini?" akaniuliza, akifunga vifungo vya koti. "Darasa liko saa ngapi?"

"Sasa hivi. Wananingoja barazani."

Nikafuta uso, nikatoka, nikashika njia ya barazani. Katikati ya ukumbi nikageuka kumtafuta nyuma ya bega langu, na hakuwapo. Alikuwa amenipita. Nilisikia sauti yake mbele, nyembamba, isiyo ya kazi, ikiwaambia wanafunzi wangu wahame mabenchi.